Utabiri Wangu wa Jumanne

Dada Odile, amekataa. Mjomba Ovide amekataa kuhama kukikimbia kimbunga, na sababu ni mimi.

Nimemkuta jikoni na kahawa yake. Ile ramani ya vimbunga wanayogawa dukani kaibandika kwenye friji, kila kimbunga cha msimu huu kakichora kwa penseli. Vyote sita vimepinda kaskazini vikafia baharini.

"Hata hiki kitapinda," ananiambia. "Si ulitabiri mwenyewe redioni Jumanne?"

"Mwenyewe," Odile. "Ulitabiri mwenyewe."

Na kweli nilitabiri. Nililinganisha msimu huu na wa mwaka juzi, nikatangaza kwamba njia ni ileile. Lakini ule mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Atlantiki, unaovisukuma vimbunga, tangu jana umesogea magharibi na kuziba mahali pa kupindia. Kimbunga hiki kinakuja moja kwa moja huku pwani ya Ghuba. Kwetu.

Nikamwambia nilikosea. Akacheka! "We mtoto, Jumanne ulikuwa na uhakika, leo una woga. Mimi nashika la Jumanne."

Mara naibu sherifu, askari wa eneo letu, akabisha hodi, akamwachia kalamu ya wino usiofutika. Anayebaki aandike jina lake mkononi, ili atambulike akiokotwa maiti.

Mjomba akakunja shati, akaninyooshea mkono. "Andika wewe, mwandiko wako unasomeka."

Nimeandika, Odile. Jina lake lote, na chini yake namba yangu ya simu.