Kijiti Nilichokata

Alhamisi, jioni. Joto la Busia limekaza tangu asubuhi, mawingu yamejaa na mvua haitaki kunyesha. Nami niko vivyo hivyo.

Kesho saa nne tunafungua maonyesho. Lori lenye vyungu na mikuki ya kale kutoka Uganda limekwama Malaba likikaguliwa, na ajenti ananiambia "tunatoka sasa hivi" tangu saa tatu. Lakini si hilo linaloninyima raha.

Ni kijiti.

Ukumbi niliuchora mimi. Katikati niliweka nyumba ya msonge, ya udongo na nyasi, ili vifaa vya hapa kwetu vikae kama vilivyokaa nyumbani. Aliyeezeka ni Mzee Barasa, ambaye pia alituazima kigoda cha ukoo wao, alichokalia babu wa babu yake. Jumanne alimaliza, akasimamisha kijiti kileleni, akaenda zake. Jumatano nikaja na taa. Dari ni fupi, kijiti kikazuia reli ya taa, nikapanda ngazi nikakikata kwa msumeno. Hata nilijisifu kidogo.

Leo asubuhi Mzee Barasa aliingia, akatazama juu, akavua kofia.

"Boss, nani amekufa hapa?"

Nilicheka. Mjinga mimi, nilicheka.

"Hii kijiti hutolewa mwenye boma akishazikwa," akasema. "Hii kigoda ni ya baba yangu. Mzee ako hai, na kesho anakuja. Aingie apate mmeshamzika?"

Akabeba kigoda, akatoka nacho.

Aibu yangu ni kwamba nilijua. Baba alipokufa, nilisimama uani kwetu Bumala nikamtazama amu akikitoa kijiti cha nyumba yake. Nililia siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Lakini nikishika penseli na futi sioni tena nyumba ya mtu, naona vipimo tu.

Mchana nimeng'oa reli na kutoboa dari ili kijiti kipate pa kupita. Mwenye ukumbi amefoka, nimemwacha afoke.

Saa kumi Mzee Barasa amerudi na kijiti kipya, akakisimamisha mwenyewe. Nimemuuliza kigoda kiko wapi.

"Mzee amekikalia. Ukikitaka, muombe mwenyewe."

Lori limefika, nalisikia likipiga honi nje, na bado sijainuka. Natafuta maneno ya kumwambia mzee wa watu niliyemzika akiwa hai. Kesho nitamsubiri mlangoni. Akikataa, mahali pa kigoda patabaki patupu, na kijiti kitabaki juu.