Pelouse ya Shemeji Ntumba

Shemeji yangu Ntumba,

Nimeishi mbali na Kolwezi miaka mingi kuliko niliyoishi ndani yake, na bado naweza kulipima lile lupango, kiwanja cha nyuma ya nyumba yenu, kwa hatua zangu: arobaini na moja kutoka mlango wa jikoni hadi ukuta wa mwisho, ishirini na nane kwa upana. Nililipima kwa amri ya kaka yangu, mume wako, siku ya pili baada ya ninyi kuhamia. Wewe ulisimama mlangoni na ufagio wa vijiti, ukingoja tumalize ili ufagie.

Nyumba ilikuwa ya injinia mmoja mgeni. Wageni walipoondoka, nyumba zao wakapewa wananchi wenye vyeo, na kaka, aliyekuwa mkuu wa ghala la vipuri la mgodi wa shaba, akapata ile. Wewe ulitoka cité ya Musonoi, mtaa wa wachimbaji, ambako mwanamke wa heshima hujulikana kwa kiwanja kilichofagiwa kabla jua halijatoka, udongo mtupu wenye mistari ya ufagio, bila jani hata moja. Kaka alikunyang'anya ule ufagio akauvunja kwenye goti.

“Lupango ya kufagia ni ya bantu ba cité,” alisema. “Hapa tutatia pelouse, majani ya bazungu.”

“Majani mu lupango ni kuita nyoka,” ulimjibu, ukicheka.

“Nyoka ataona hii ni nyumba ya chef. Atapita ku ya jirani.”

Wote watatu tulicheka. Kisha yeye akaacha.

“Directeur atakuya mwezi wa kumi. Nataka aikale pa majani. Ile pelouse ikikufwa, na weye utarudia kwenu.”

Wewe uliendelea kucheka, kwa kuwa ulikuwa hujamjua vizuri. Mimi nilikuwa nimemjua tangu utoto. Mlikuwa na miaka miwili ya ndoa na hakuna mtoto, na mama yetu alikwisha kutuma maneno mara mbili kuuliza kama kaka ameoa mwanamke au ameoa kabati. Kwa hiyo nilielewa kwamba hakuwa akisema juu ya nyasi peke yake.

Tena hakutaka kutumia chochote. Mbegu hakununua, mfanyakazi hakuchukua. “Pelouse ya bule, njo pelouse ya akili,” alisema. Akili ikawa yako. Ulikuwa umejifunza kushona kwa masista, ukamwendea mtunza bustani wao, naye akakuruhusu kuokota nyasi za kutambaa alizokuwa akizikata pembezoni mwa njia. Ulivuka mji mzima na gunia lililolowa kichwani, siku baada ya siku. Uliketi kwenye kizingiti cha jikoni na kisu cha kumenyea mihogo, ukakata kila shina vipande vya urefu wa kidole, vyenye vifundo viwili. Kifundo kimoja ndani ya udongo, kimoja nje, kati ya kipande na kipande nafasi ya kiganja, halafu unakanyaga kwa kisigino. Bomba lilitoa maji asubuhi tu. Ulijaza mapipa mawili, na maji ya kuoshea mchele, maji ya vyombo, maji tuliyooga, yote yalikwenda kwenye mistari yako. Ilikuwa kiangazi. Nilikuwa nikitoka kazini nakukuta umeinama pale pale nilipokuacha alfajiri, umesogea mistari kumi tu.

Lakini udongo wa lupango lile ulikuwa mgumu kama tofali. Kaka aliniita. Wakati huo nilifanya kazi shimoni, nikilala katika chumba cha nyuma kilichojengwa kwa ajili ya maboi wa injinia.

“Weye wa shimoni, tafuta udongo mulaini. Ya bule.”

Udongo mweusi wa bondeni uliuzwa kwa mkokoteni. Nikamwambia kuhusu ule mchanga ambao kiwanda huosha na kuumwaga baada ya kutoa shaba: laini kama unga, wa kijivu wenye ukijani kidogo, umekwisha kuchekechwa, hauna mwenyewe. Dereva mmoja wa lori angetuletea kwa chupa mbili za bia. Kaka alinipiga begani. Hakuwa amenigusa tangu tulipomzika baba. “Sasa njo ndugu yangu,” alisema.

Yalikuja malori matatu. Mimi na wewe tuliueneza ule mchanga kwa mbao, ukapanda upya juu yake, ukaniambia unafurahisha vidole.

Niseme sasa nilichokijua. Marundo ya mchanga ule yalikuwapo Musonoi kabla sijazaliwa. Mvua iliyanyeshea kila mwaka, na hakuna jani lililowahi kusimama juu yake. Kila mtoto wa cité aliyaona. Mimi nilijiambia kwamba hapaoti kitu kwa sababu hakuna aliyewahi kupanda. Nilikuwa mtu wa kusoma, shemeji, na mtu wa kusoma hakosi sentensi ya kujifunika.

Majuma matatu nyasi zako zilikaa kijani. Zilikuwa zikila utomvu wao wenyewe. Kisha zikaanza kuwa njano kwenye ncha, zikawa kama majani ya chai. Ulipozing'oa, mizizi ilikuwa mifupi na ya kahawia, kama uzi ulioguswa na moto. Ukarudi kwa masista. Ukapanda tena mwezi wa nane, ukapanda tena mwezi wa tisa, wakati joto linapotoka chini kama vile linavyotoka juu na upepo unatia vumbi hadi ndani ya vyungu. Mama Kapinga, jirani, alikuwa akiegemea ua kukuangalia.

“Ntumba, unamwangilia vumbi? Itaota bitumbula?”

“Ikiota nitakutumia kimoya,” ulimjibu, kana kwamba mandazi huota kweli, bila kuinua kichwa.

Huko cité walikwisha kukuita Mama Pelouse. Wanawake uliosali nao walikuja Jumapili kutazama, wakasimama kwenye mlango wa jikoni na kuguna kwa huruma iliyokuwa tamu mdomoni mwao.

Mahali pamoja tu palistawi: chini ya ukuta wa mwisho, upana wa kitanda. Pale mchanga wa lori la tatu uliishia, hatukueneza kitu. Nyasi zilifungamana hadi huoni udongo. Ulipaona kabla yangu. Uliniita jioni moja, ukachuchumaa, ukaweka kiganja juu yake.

“Shemeji, angaria. Huku ku kibambazi majani iko muzuri. Mayi ni ile ile, mukono ni ule ule. Juu ya nini kule inakufwa?”

Hapo palihitaji sentensi moja. Nilikuwa nayo. Ningeweza kusema: ni ule mchanga, tuutoe. Tungeukwangua kwa siku nne, na mvua zilikuwa karibu.

Nikasema, “Pale kuna kivuli.”

Ukuta ule ulipigwa na jua tangu asubuhi hadi saa tisa. Uliutazama ukuta, ukalitazama jua, ukanitazama mimi. Halafu ukaniamini, kwa kuwa mimi nilikuwa nasoma vitabu. Kesho yake ulikwenda kutafuta mabua makavu ya mahindi, ukasuka vivuli vya kufunika katikati ya lupango. Nilikusaidia kufunga kamba.

Unataka kujua kwa nini. Kaka alikuwa ameniahidi kiti katika ofisi ya ghala. Nilikuwa nimechoka kukohoa vumbi la shimo nikiwa na cheti sandukuni. Na lile wazo la mchanga lilikuwa langu. Kama ningelitaja, ningerudi kuwa “weye wa shimoni” na pengine hata chumba cha nyuma ningekipoteza. Hayo ndiyo yote. Nimetafuta miaka hii sababu kubwa zaidi, ya kulingana na jambo lenyewe, sikuipata.

Directeur alikuja mwezi wa kumi kama ilivyosemwa, na mke wake, na machef wengine wanne. Viti viliwekwa juu ya mchanga mtupu. Ulikuwa umepika tangu usiku, umevaa kitambaa kipya. Mimi nilishika sinia la bia. Kaka hakungoja mtu aulize. Alikuita kutoka jikoni, akakushika kifundo cha mkono, akakiinua kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua.

“Bacitoyens, angarieni huyu mukono. Mara tatu anapanda, mara tatu inakufwa. Mu nyumba hii kila kintu anagusa, hakiote. Munanielewa?”

Walimwelewa. Directeur alikung'uta suruali yake vumbi.

“Citoyen chef, shamba ikikatala, batafutaka ingine.”

Wakacheka wote, hata mke wake. Wewe ulikuwa bado umeinuliwa mkono, una unga kwenye kucha. Ulitazama upande wangu. Nilicheka pia, shemeji. Sikucheka sana. Nilicheka kiasi cha kuonekana.

Kesho yake kaka aliniambia nikubebee mizigo hadi kituoni. Treni ya kwenda Kamina, kwa wazazi wako, ilichelewa, tukaketi juu ya sanduku lako. Kisha ukauliza:

“Shemeji, weye ulikuwa unaniona. Niliimwangilia, ao sikuimwangilia?”

“Uliimwangilia.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Aksanti,” ulisema. “Basi ni mukono kweli.”

Ulinishukuru. Nilikuwa nimekupa ushahidi uliokosekana ili ujihukumu mwenyewe, na wewe ulinishukuru, ukapanda treni.

Baada ya majuma matatu nilipata kiti. Mvua zilipokuja, lupango likawa tope la kijivu, na kaka akamleta mwanamke mwingine, aliyefagia. Hakuna aliyezungumza tena juu ya pelouse.

Nilimwambia kaka ukweli miaka minne baadaye, ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Alikuwa akichonga penseli, hakuacha kuchonga.

“Mujinga weye. Nilijuaka tangu ile ya ku kibambazi ilibakia mubichi. Unafikiri mi sina macho? Nilikuwa naangaria kama utamwambia. Haukumwambia, nikakupatia kiti.”

Nikarudi kwenye meza yangu. Nilikalia kiti kile miaka kumi na miwili mingine.

Baadaye sisi wenye majina ya mkoa wa Kasai tuliambiwa kwamba Kolwezi si kwetu, ingawa baba zetu waliletwa huko kuchimba shaba kabla sisi hatujazaliwa, tukafukuzwa. Kaka alifia juu ya mizigo yake akingoja treni. Sikumlilia vizuri. Mimi nilivuka mpaka, nikafika Ndola, nikafundisha watoto wa watu kusoma, nikazeeka.

Mwaka jana mwanamke mmoja kutoka Kamina alikuja hapa kuuza vitenge. Aliposikia jina la ukoo wetu aliniuliza kama nilimfahamu Ntumba aliyewahi kuolewa Kolwezi. Nikamwambia mimi nilikuwa shemeji yake. Huyo ni binti yako. Una mabinti watatu, shemeji, na wavulana wawili. Sikujua. Ulizaa watano kwa mwalimu wa Kamina, na hakuna nyumbani kwetu aliyekuomba radhi. Alinionyesha picha ya mazishi yako.

Nilimkaribisha chai. Akanieleza mambo yako kama mtu anavyoeleza desturi ya kuchekesha ya marehemu. Kwamba hukushika mbegu tena maisha yako yote. Msimu wa kupanda mahindi ulipofika, ulibaki nyumbani na kuwapikia wengine, na kama mtu alikupa mbegu umshikie, uliweka mikono nyuma. Hata lengalenga, ule mchicha unaoota bila kuombwa, uliununua sokoni. Watoto wako ulikataa kuwapaka mafuta vichwani walipokuwa wachanga, ukamwachia mama mkwe wako. Shamba la mwalimu likawa la mkwe. Yeye ndiye aliyeitwa mama shamba.

Alisema hayo, kisha akacheka kidogo, akatazama viganja vyake.

“Hata mi sipandake, tata. Banasema kintu kama kile kinafuata damu. Bwana yangu ananiambia nijaribu, minaogopa. Tata, weye ulikuwa pale. Ni kweli mukono ya muntu inaweza kuua majani?”

Alikuwa amekaa karibu nami kama wewe ulivyokuwa siku ile kituoni. Niliona kwamba anataka nikatae. Nilikuwa mzee, sina kiti cha kupoteza, sina kaka wa kumwogopa, mke wangu alikuwa jikoni na hasikii.

Nikamwambia, “Kunywa chai, inapoa.”

Akanywa. Akanishukuru, akajitwika vitenge vyake, akaenda kituo cha basi. Sikumwuliza anakoishi, na jina la mume wake sikulishika.

Ndiyo maana barua hii siifungi. Ninaitoa isomwe na watu, kwa sababu wewe huwezi tena kuisoma na yeye sijui nimpate wapi. Sitakuomba unisamehe: ungeweza kunisamehe kweli, nami sistahili hata kuomba. Natafuta tu mtu anayemjua mwanamke wa Kamina auzaye vitenge, mtoto wa Ntumba wa mwalimu, aliye na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Amwambie hivi, kwa maneno haya haya: mama yako alikuwa mpandaji hodari, alipanda mara tatu juu ya mchanga wa shaba ambao hauotishi kitu, mchanga ule uliletwa na shemeji yake, naye alijua, akanyamaza kwa mama, akanyamaza tena kwa mtoto. Mvua za Kamina zinaanza mwezi huu.

Lala, shemeji.

Mdogo wa mume wako,
Ndola