Ukurasa wa Pili Nisiouomba

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na Mambrui yote imejifungia ndani. Nimerudi kutoka kazini kabla ya alasiri, nguo zimelowa, na sijala. Mama ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemwambia kichwa.

Si kichwa.

Nataka kuliandika likiwa bado bichi. Najijua. Nikilala nalo, nitaamka nimeshaanza kulipamba.

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta katika hospitali moja ya binafsi pale Malindi. Sehemu ya kazi yangu ni kuhakikisha kila mashine imewekwa viraka. Kiraka, kwetu sisi, ni kipande cha programu kinachotolewa na watengenezaji ili kuziba tundu ambalo wezi wanaweza kupitia. Habari za viraka vya mashine zetu zote hukaa kwenye huduma ya wingu, yaani kompyuta za mbali tunazozifikia kwa intaneti, na miaka mitatu iliyopita niliandika programu fupi ya kwenda kuziuliza kila Jumatatu kupitia API, ule mlango ambao programu moja huupitia kuihoji nyingine. Programu yangu inabisha, inapewa orodha, inaniandikia ripoti. Nilikuwa nikiionea fahari.

Wiki tano zilizopita wezi waliingia kwenye kompyuta ya usajili. Walifunga kila faili kwa nywila yao. Nakala ya akiba ilikuwa imeunganishwa pale pale, nayo ikaenda. Kumbukumbu zote za kliniki ya wajawazito zikapotea.

Aliyekuwa akikaa kwenye kompyuta ile ni dada Kadzo, karani wa kumbukumbu, mtu wa Vitengeni, amenizidi miaka kama kumi na miwili. Alikuwa akichapa kwa vidole viwili, polepole, lakini hakukosea jina la mtu. Kulikuwa na mama mmoja wa Matsangoni aliyepoteza watoto wawili. Alimsimulia dada Kadzo mara moja tu, na dada Kadzo akaandika yote vizuri, akamwambia, "Sasa hutaulizwa tena, mama." Juzi nilipita kliniki nikamkuta mama yule mbele ya karani mpya. Anaulizwa wangapi wako hai, wangapi wamefariki. Alijibu akitazama sakafu.

Sasa nije kwenye kikao kilichoitishwa kuuchunguza wizi ule. Ilikuwa siku ya tatu baada ya wizi. Mkurugenzi aliuliza wezi wamepitia wapi. Bwana Mutua, mkuu wangu, akanigeukia. Nikasimama, ripoti mkononi.

"Mashine zote zina viraka," nikasema. "Hakuna tundu."

Ikiwa hakuna tundu, basi kuna mtu aliyewafungulia mlango kutoka ndani. Hakuna aliyetaja jina. Walimtazama tu. Dada Kadzo alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili. Akasema, "Labda kuna barua pepe niliyoifungua. Sikumbuki."

Lile "sikumbuki" ndilo lililommaliza. Kabla ya Ijumaa alikuwa amepewa barua ya kuachishwa kazi.

Sikumtetea. Niliketi.

Leo asubuhi Bwana Mutua aliniuliza kama kompyuta mpya ya wodi ya watoto imeshapata viraka. Nikatazama kwenye ripoti. Mashine yenyewe haimo. Nikadhani nimekosea jina, nikatafuta tena, haimo. Ndipo nikafungua majibu yenyewe, yale mabichi yanayotoka kwenye wingu kabla programu yangu haijayapanga, nikayasoma mpaka chini.

Mwisho kabisa kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuutilia maanani. Alama ndefu ya herufi na tarakimu. Maana yake: orodha haijaisha, nirudishie alama hii nikupe ukurasa unaofuata.

Huduma ile hutoa mashine hamsini kwa kila ukurasa. Nilipoandika programu tulikuwa na mashine thelathini na kitu, zikaenea ukurasa mmoja. Baadaye jengo jipya likafunguliwa, mashine zikaongezeka, na programu yangu ikaendelea kusoma ukurasa wa kwanza na kurudi kuniambia kote ni salama. Majina hupangwa kwa alfabeti. Famasia ilikuwamo. Maabara ilikuwamo. Usajili huanza na U.

Nilirekebisha kwa mistari minne. Maadamu alama ipo, omba tena. Mistari minne tu.

Ukurasa wa pili ukaja. Mashine kumi na moja. Ya usajili ilikuwa ya tatu, na mbele yake imeandikwa kiraka hakijawekwa. Kilikuwa kimetolewa miezi minne kabla ya wizi. Nikasoma maelezo yake: tundu hili humwezesha mtu aliye mbali kuingia bila mwenye kompyuta kufanya lolote. Nikaenda kwenye kumbukumbu za ruta, kile kifaa kinachopitisha intaneti yetu yote, ambazo hakuna aliyezifungua kwa sababu mimi nilishasema hakuna tundu. Mgeni aliingia Jumapili asubuhi kupitia tundu hilo hilo. Usajili umefungwa Jumapili. Dada Kadzo yuko kanisani.

Nilimpelekea Bwana Mutua nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango.

"Umeambia nani?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi nikuwe wa mwisho. Hiyo maneno iliisha, Mwanajuma. Weka kiraka, tuendelee na kazi."

"Na dada Kadzo?"

Akaufungua mlango aliokuwa ameufunga. Si mtu mbaya. Ana watoto shuleni, na ile ripoti ina sahihi yake chini ya sahihi yangu.

Nakiri hapa, kwa kuwa sina pengine pa kukiri: nilirudi kwenye meza yangu nikakaa karibu saa nzima, na sehemu ya nafsi yangu ilikuwa imeshakubaliana na Bwana Mutua.

Kisha nikaandika barua kwa mkurugenzi. Nusu ukurasa. Nikaeleza kosa ni la programu yangu, nikaambatisha orodha na kumbukumbu za ruta, nikaipeleka kwa miguu yangu. Aliisoma mimi nikiwa nimesimama. Akasema barua ya kumwachisha kazi dada Kadzo itafutwa na ataitwa arudi. Kwangu mimi, nikae nyumbani mpaka kamati ikutane.

Nilimpigia dada Kadzo nikiwa bado kwenye ukumbi wa hospitali, mvua ikipiga mabati.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." "Mwanajuma?"

Nikamwambia. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho: hukufungua barua pepe yoyote mbaya, dada, walipitia kwenye tundu nililopaswa kuliziba mimi.

"Sikuifungua?"

"Hukuifungua."

"Lakini mimi naikumbuka," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeifikiria kila siku hata nikaanza kuiona. Ilikuwa na maandishi mekundu. Nimemwambia mamangu, nimemwambia na mchungaji. Nimeiombea msamaha, Mwanajuma."

Nikamwambia mkurugenzi anataka arudi. Akasema arudi akakae na nani, wote walimtazama. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeiweza.

Kabla ya kukata akasema, "Wiki zote hizi nilikuwa nikingojea mtu mmoja anipigie tu, aniulize, Kadzo, u hali gani? Nilidhani atakuwa wewe."

Wiki tano. Namba yake ninayo.

Kosa la programu nimeshalirekebisha, na kamati itaamua itakavyoamua. Hili jingine halina mistari minne. Kukipambazuka nitapanda gari la Vitengeni, kwao. Hajaniambia njoo. Sitamshawishi arudi kazini, wala sitamwomba anisamehe, maana huo nao ungekuwa mzigo wa kumtwika.

Nitaketi anaponiambia niketi, nimwulize u hali gani, ninyamaze, nimsikilize mpaka amalize.