Kufuli Jekundu Kwenye Swichi ya Shule

2 Mei

Dada mkubwa,

Salamu nyingi kama vumbi la chumbani kwangu. Mama mzima, mgongo wake umeacha kulalamika. Wewe na mitambo yako mnaendeleaje?

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Shuleni kwa mdogo wetu Chiriku kulikuwa na somo la kazi za sayansi na nishati. Mwalimu wa fizikia kabandika picha: wanaume kumi na wawili, kofia ngumu vichwani. Kasema, "Wasichana msijali, ofisini nafasi zipo." Chiriku, mdomo wake unaujua, kasimama: "Dada yangu anafungua mitambo kituo cha umeme." Darasa zima kicheko. Mwalimu kamwita mwongo, kamtoa nje mpaka aombe radhi mbele ya wote. Kagoma. Asipofanya majaribio ya maabara mwezi huu, sayansi mwakani aisahau.

Mimi niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu akili zilizidi darasa, nilikwenda kumweka sawa yule mwalimu. Mlinzi kanitoa nduki. Njoo wewe.

Mdogo wako, Wembe

9 Mei

Mdogo wangu Wembe,

Salamu zimefika, na vumbi lake. Mwili mzima, roho ndiyo inachemka. Mwambie Chiriku asiombe radhi. Ukweli hauombewi radhi.

Kuja siwezi. Mtambo wa pili uko wazi kwa matengenezo, likizo zimefutwa. Nami nimekaa stoo kama gunia, maana kufuli langu jekundu nimelisahau kwenye droo ya Mama. Kila fundi hapa ana lake, lenye picha yake. Kabla ya kugusa mtambo unazima swichi, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unakaa mfukoni mwako. Mwingine haruhusiwi kulifungua wala kulikata, hata meneja, kwa sababu nyuma yake kuna uhai wa mtu. Litume leo. Liko wazi, usilibane, ufunguo ninao huku. Mkuu wa shule nimemwandikia.

Dada yako

14 Mei

Dada wa nguvu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila shule haina umeme. Kaa chini kwanza.

Barua yako kwa mkuu, mwalimu kawasomea wanafunzi mstarini, kasema kaiandika Chiriku mwenyewe. Basi damu ikanipanda. Jana fundi wa paa kaingia na ngazi, nikashika mguu mmoja wa ngazi kama msaidizi wake, mlinzi kanipigia saluti! Swichi kubwa iko ukumbini. Nikaizima, nikapitisha kufuli lako, ta! Sura yako inawatazama: HATARI, USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Chini yake, Fundi Mitambo.

Wakaleta msumeno. Chiriku kasimama mbele ya swichi, kawasomea barua uliyoniandikia mimi: hata meneja hakati. Mkuu kanywea. Njoo na ufunguo. Sifa tugawane nusu kwa nusu.

Wembe, mwenye makali

17 Mei

Wembe,

Leo sina salamu.

Mwaka jana mwenzangu alikuwa ndani ya mtambo, mtu akaja kuwasha. Kufuli kama hilo ndilo lililomrudisha kwa wanawe. Wewe umelifunga pasipo na mtu. Watu wakizoea kufuli la uongo, watakata la kweli, na siku hiyo ndani nitakuwa mimi.

Bosi nimemwambia yote. Nimepewa onyo la maandishi, na ruhusa ya siku moja. Nakuja Jumatano. Usinikaribie.

Dada yako

8 Juni

Dada, shikamoo.

Ndiyo, shikamoo hiyo nimeiandika mimi.

Ulisema nisikukaribie, nikatii: nilikaa juu ya ukuta wa shule, karibu na dirisha la ukumbi. Nilikuona na ovaroli lako, ukifungua kufuli na kulitia mfukoni bila neno. Wanafunzi walipopiga makofi ukawakata: "Msinipigie. Nimeitwa kuthibitisha kwamba nipo. Wale kumi na wawili wa pichani, nani aliitwa?"

Kisha ukamwambia mwalimu awashe yeye, ila ataje kwanza hatua za usalama. Kajikuna kisogo. Chiriku akazitaja kutoka dirishani: hakikisha hakuna mtu, pima, simama pembeni, washa. Mwalimu mwenyewe akamfungulia mlango. "Mwongo ni mimi," kasema, kwa sauti ya mbu, lakini ukamfanya arudie kwa sauti ya mtu.

Chiriku yumo maabara. Picha ya kumi na wawili ipo bado. Chiriku kabandika yako pembeni, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nyumbani ulimsalimia Mama, mimi ukanipita kama nguzo. Barua mbili nimekuandikia, kimya. Onyo lako lingeandikwa jina langu ningelibandika ukutani, lakini limeandikwa lako. Hasira ninayo bado, ila sasa hakuna wa kumpelekea zaidi ya mimi.

Kila asubuhi naifungua droo ya Mama, nione kama umesahau kitu kingine.

Mdogo wako