Waliofungua Mlango

Jumatatu, 4 Mei

Kipindi cha tatu, Kidato cha Tano. Ufaransa, baada ya mapinduzi ya Julai 1830. Wamemfukuza mfalme mmoja, wamemweka mwingine wa kufuata katiba. Waliomweka wakagawanyika. Kambi moja ikataka mageuzi yaendelee. Nyingine ikasema yametosha. Hiyo ya pili ndiyo iliyotawala miaka mingi. Wafaransa waliiita Résistance. Mimi nimewaambia wanafunzi "Chama cha Kuzuia".

Msichana wa dirishani akauliza, "Madam, si ndio hao hao walioleta mapinduzi? Waliogopa nini?"

Nikasema tutaliangalia kesho. Sijui jibu. Nimekereka kwamba sijui.

Jumatano, 6 Mei

Nimesoma hadi macho yanauma. Kura ilikuwa ya wenye mali tu, wanaolipa kodi kubwa. Waliobaki waliambiwa wasubiri. Vitabu vinataja walichokifanya. Walichokiogopa, vinapita juu juu.

Nimefika nyumbani nikamkuta mama na Mama Neema, jirani yetu, wanalalamika uani. Chama cha msingi cha kahawa kimekataa tena kuwapokea. Mwanachama lazima awe na shamba kwa jina lake. La mama lina jina la marehemu baba. La Mama Neema lina jina la mumewe. Wanapalilia wao, wanachuma wao. Bei inapangwa na wengine.

Mwenyekiti ni baba mdogo. Ndiye aliyewaongoza wakulima kuung'oa uongozi wa zamani, uliokuwa unauza kahawa yetu kwa mlango wa nyuma. Tulimbeba juu juu siku ile. Mama aliimba mpaka sauti ikakauka.

Nikakaa nikifikiri. Msichana wa dirishani angecheka.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya ibada nilimfuata baba mdogo kwake. Sikwenda kugombana. Nilitaka kujua.

"Baba, mnaogopa nini?"

Nilidhani atanifukuza.

"Mwanangu, kuangusha ni kazi ya siku moja. Mimi nalinda kilichobaki. Nikifungua mlango wote, walanguzi wa kule mpakani Tunduma watajaza watu wao humo ndani kabla msimu haujaisha."

Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mwenye tamaa, nikakutana na mtu mwenye hofu. Hofu yake ina akili ndani yake. Hilo limenisumbua kuliko tamaa.

Jumanne, 12 Mei

Wanawake wamegoma kuchuma. Mama yangu mbele, Mama Neema kando yake. Kahawa imeiva nyekundu, hapa kwetu Iyula nzima. Hakuna anayeigusa.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua isiyo ya msimu. Kahawa inadondoka. Wanaume wanachuma wenyewe, wanavunja matawi. Mtambo wa kumenya umesimama. Baba mdogo amepita barabarani bila kututazama. Nimeogopa. Huyu alinilipia ada mpaka chuo.

Jumamosi, 16 Mei

Mkutano mkuu, kwenye ghala. Wanawake tulisimama nje, madirishani.

Baba mdogo alisimama akapendekeza mwenyewe, ili kuokoa msimu: wajane waingie uanachama, kwa jina la marehemu waume zao. Mikono ikanyooka. Imepita! Mama akaitwa ndani pamoja na wajane wenzake. Wakapewa benchi. Nililia mbele ya watu, sikujali.

Kisha hoja ya pili. Wake wa wanachama nao waingie. Wajane sasa wana kura.

Wanaokataa, wanyooshe.

Mama alinyoosha mkono.

Nilidhani hajaelewa swali. Aliuacha mkono juu mpaka wakamaliza kuhesabu. Hoja imeanguka. Mama Neema alikuwa ameshika nondo za dirisha, bega lake likigusa langu. Aliachia, akaondoka.

Jumapili, 17 Mei

Mama hakwenda kanisani. Tumekaa kwenye meza ya kukaushia kahawa, tunatoa mbovu. Nikamuuliza. Nilijitahidi sauti isiwe ya lawama. Nadhani nilishindwa.

"Nyumba ya Mama Neema tayari ina kura, ya mumewe," alisema. "Wangeingia wote jana, kila nyumba ingekuwa na mbili. Mimi ningebaki na yangu moja. Nani angenisikia?"

"Lakini mlianza pamoja."

"Tulianza pamoja." Akatupa punje mbovu. "Kwanza nikae, mwanangu. Nimesimama miaka mingi."

Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja vizuri.

Mama Neema amepita njiani akitoka ibadani. Mama akamwamkia. Yeye akanisalimu mimi tu, kwa jina langu, akaendelea na safari yake. Mama alimtazama mpaka akakata kona.

Jua limetoka, kahawa inanukia. Tumeendelea kuchambua.