Krispi za Kechapu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimenunua maziwa tena. Dumu zima, kama la mafuta taa. Kule Hamilton yalikuja kwa mfuko: unatia kwa jagi, unakata pembe, basi. Nimemweleza keshia. Akaniangalia kwa huruma, akidhani ni mambo ya Afrika. Nikamwambia ni Kanada. Hakuamini.

Neema, binti yangu, ameleta barua ya shule. Ijumaa kila mtoto abebe chakula cha kwao. Ana miaka saba, mzaliwa wa Hamilton, miezi mitatu hapa Silver Spring, Marekani. Anataka krispi za kechapu. Mwalimu amepiga simu: labda kitu cha Kenya? Mtoto hajawahi hata kukanyaga Kenya.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimetafuta hadi Columbia Heights. Zipo za siki, za pilipili, hata za achari. Kechapu hakuna. Nchi gani hii.

Nimempigia Omondi, mdogo wangu. Anakuja Alhamisi kwa gari kutoka Hamilton. Pakiti sita, nikarudia mara tatu. Alicheka. Sikupenda kile kicheko.

Mama naye amepiga kutoka Kisumu. "Ukiwa Kanada ulililia dagaa wa omena. Sasa unalilia viazi. Utashiba wapi wewe?"

Jumatano, 8 Oktoba
Neema ameiita kofia yake ya sufu "tuki". Darasa zima limemcheka. Kwetu Hamilton ni tuki, kila mtu husema hivyo. Amelia njia nzima. Kisha akapangusa kamasi, akasema Ijumaa wataonja, wataona.

Nimeahidi. Sasa nimebanwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Omondi amefika. Amefungua buti: omena kilo tatu, unga wa ugali, majani chai.

Eti alidhani natania. "Dada, nani hutamani krispi ughaibuni?"

Omena! Duka la Waafrika liko chini ya nyumba yangu. Nainusa hata dirisha likifungwa. Nimemwita majina ambayo siyaandiki hapa. Jirani yangu Mkongomani, Mama Furaha, akatoka kutuamua. Akaona samaki. "Merci Yezu, ndagala," akaiita omena kwa jina la kwao. Akaondoka na nusu kilo, ugomvi akatuachia.

Neema aliingia kwa gari la mjomba, akapekua chini ya viti. Akatoka na pakiti ya krispi za kechapu, nusu imeliwa, mdomo umefungwa kwa mpira. Za Omondi mwenyewe, za safari.

Omondi akaangalia viatu vyake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kila mtoto amepata moja moja. Mwalimu akapewa vunjevunje. Wawili walitema. Wengine wakalamba vidole mpaka wekundu ukaisha.

Jioni Neema ametoa karatasi ya tishu mfukoni. Ndani krispi moja, imevunjika mara mbili. Akasema kwa Kiingereza chake cha Hamilton kwamba hiyo ilikuwa yake, ila mimi ndiye niliyezitafuta sana.

Nimeiweka ulimini bila kutafuna. Omondi alikuwa akikatia omena vitunguu, nikavisingizia kwa machozi yangu.