Robine Isiyo na Tone

Furaha, mjukuu wangu,

Huku Kalemie tuko salama. Mama yako amepona homa. Unauliza zamani, nilipokuwa msichana, tulidai maji namna gani bila kelele.

Nimefungua daftari langu: tulianza siku ya Jumatatu. Robine ya mtaa, bomba letu la maji, ilikuwa imekauka, na watoto waliugua kwa maji ya ziwa. Sisi wasichana wa darasa la ushonaji tulimpelekea shefu, mkuu wa mtaa, kitambaa cha meza chenye robine tuliyoitarizi.

"Mmesahau tone la maji," akacheka.

"Hatujasahau, Papa," nikamjibu. "Maji yakitoka, tutakuja kulishona."

Alikitandika kwenye meza ya biro yake ya kazi, na kila mgeni aliyeingia aliuliza juu ya tone lililokosekana. Shefu alichoka kujibu, akaenda mwenyewe kuwatafuta mafundi.

Niliporudi na uzi wa buluu, aliondoa karatasi zake mezani, akangoja nimalize.

Nkambo wako